Meli, Ziwa na Mikono Isiyoonekana: The African Queen Ikitazamwa kutoka Baraka na Fizi

Utangulizi

Swali la nini kinachoidumisha filamu huulizwa mara kwa mara, na aghalabu hujibiwa kwa orodha. Mhakiki hutaja filamu kumi azipendazo, msomaji naye huongeza zake, na mjadala huishia hapo. Orodha hutuonyesha kipi kimedumu, lakini haituelezi kimedumu kwa sababu gani, wala kimedumu kwa nani. Makala haya yanakusudia kulikabili swali hilo kwa kuchukua filamu moja mashuhuri na kuisimamisha mbele ya mahali ambapo hadithi yake ilichipukia. Filamu hiyo ni The African Queen, iliyoongozwa na John Huston mwaka 1951. Mahali penyewe ni Ziwa Tanganyika, nasi tutalitazama kutoka ukingo wake wa magharibi, katika Kivu Kusini: Baraka iliyo ufukoni, ikielekea rasi ya Ubwari, na Fizi iliyo juu milimani.

Hoja yetu ina sehemu mbili. Kwanza, filamu hudumu pale ambapo hadithi yake imejengwa juu ya kazi ambayo mtazamaji anaweza kuipima kwa ujuzi wake mwenyewe. Pili, nguvu hiyohiyo ndiyo inayomfungulia mtazamaji wa ziwani mlango wa kuuliza: kazi hii, kwa kweli, ilifanywa na nani?

Hadithi na historia yake

Filamu inatokana na riwaya ya C. S. Forester iliyotoka mwaka 1935. Vita vya Kwanza vya Dunia vimefika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Askari wa Kijerumani wanateketeza kijiji cha misheni, mchungaji Samuel Sayer anarukwa na akili na kufariki, na dada yake Rose (Katharine Hepburn) anaondoka na Charlie Allnut (Humphrey Bogart), fundi mwenye boti kuukuu ya mvuke. Wanateremka mto wenye maporomoko wakikusudia kufika ziwani na kuizamisha meli ya kivita ya Wajerumani, Louisa.

Forester alilipa ziwa lake jina la kubuni, lakini meli aliyoifikiria inajulikana. Ni Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipandevipande, ikasafirishwa hadi Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Waingereza nao walileta boti mbili ndogo za injini, Mimi na Toutou, chini ya uongozi wa Geoffrey Spicer-Simson. Tarehe 26 Desemba 1915 boti hizo ziliiteka Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Graf von Götzen yenyewe haikuzamishwa na adui. Wajerumani waliizamisha wenyewe tarehe 26 Julai 1916 karibu na mlango wa mto Malagarasi, baada ya kuzipaka injini zake grisi ili zisioze. Iliibuliwa baadaye, na mwaka 1927 ikaanza safari tena kwa jina la Liemba.

Inafaa kutambua kwamba katika riwaya mashujaa wawili wanashindwa, na meli ya adui inazamishwa na boti za Waingereza. Huston na mwandishi mwenzake James Agee waliziondoa boti hizo. Katika filamu Louisa inaigonga African Queen iliyopinduka, topido zilizotengenezwa kwa mikono ya Allnut zinalipuka, na ushindi wote unakuwa wa watu wawili. Mabadiliko hayo ni ya kisanaa na yana mantiki yake, lakini, kama tutakavyoona, yana gharama.

Kazi kama uti wa mgongo

Wahakiki wengi hueleza uimara wa filamu hii kwa uigizaji wa Bogart na Hepburn. Ni kweli kwamba Bogart alipata tuzo ya Oscar kwa nafasi hiyo, na kwamba mvutano kati ya fundi mlevi na mwanamke mcha Mungu unachekesha hata leo. Hata hivyo, waigizaji mashuhuri wamo pia katika filamu nyingi zilizosahauliwa. Kwa maoni yetu, siri imo katika mpangilio wa vitendo.

Tuchukue tukio lililo katikati ya filamu. Baada ya maporomoko, mhimili wa rafadha umepinda na panga lake moja limevunjika. Allnut anasema safari imekwisha. Rose anauliza kwa nini mhimili usinyooshwe na panga lisiungwe. Anajibiwa kwamba hilo ni jambo lisilowezekana, kisha kila kisichowezekana kinafanywa mbele ya macho yetu: wanazamia, wanafungua chuma, wanakokota kuni, wanawasha moto ufukoni, wanavuvia, wanagonga, wanaunga. Maneno ni machache. Mtazamaji hahitaji kujua Kiingereza ili afuate, kwa kuwa kila hatua inaizaa inayofuata.

Mvuvi wa Baraka, ambaye usiku hutoka na taa kutafuta ndakala, na ambaye injini yake ikizima katikati ya ziwa hana fundi wa kumwita, ni hakimu halali wa tukio hili kuliko mhakiki wa jijini. Anajua chombo kizee kina tabia, kina dawa yake na matusi yake. Allnut anapoipiga teke injini yake ili isipasuke, mvuvi huyo haoni kichekesho tu. Anaona uhusiano wa mtu na chombo chake.

Jambo hili linatufundisha pia kwamba ukweli wa mandhari si sharti la kwanza la kudumu. Filamu ilipigwa kwa sehemu katika mto Ruiki, upande wa Ponthierville (leo Ubundu), na kwa sehemu Uganda, penye maporomoko ya Murchison na Ziwa Albert. Lakini matukio ambamo waigizaji wamo ndani ya maji, likiwamo lile la ruba wanaomng'ang'ania Allnut, yalipigwa studio Uingereza kwa kuhofia magonjwa. Maji hayo si ya Afrika, na bado tunayaamini. Tunayaamini kwa sababu taabu ya kuikokota boti katika matete imepangwa kwa usahihi.

Mikono isiyoonekana

Hapa ndipo sehemu ya pili ya hoja inapoanza. Filamu inafungua kwa ibada. Waafrika wako kanisani wakiimba wimbo wasioujua, na sauti zao zimefanywa vurugu ya kuchekesha. Allnut anapowasili na kutupa kipande cha sigara, wanaume wanakigombania na ibada inavurugika. Muda mfupi baadaye kijiji kinachomwa na watu wanaswagwa. Tangu hapo wanatoweka, na filamu haiulizi tena walipelekwa wapi. Rose anaomboleza kaka yake. Kijiji hakina mwombolezaji.

Kuna dalili nyingine iliyo ndogo zaidi na, kwetu, nzito zaidi. Allnut anaeleza kwamba injini inahitaji kupigwa teke kwa sababu mmoja wa vijana wake wa kazi aliangusha bisibisi ndani ya vali. Hivyo, katika filamu ambayo shujaa wake ni kazi ya mikono, mkono wa Mwafrika unaacha alama moja tu katika mtambo: kosa.

Tulinganishe na yaliyotokea. Mimi na Toutou hazikufika ziwani kwa ujasiri wa watu wawili. Zilisafirishwa kwa reli kutoka Cape Town hadi Fungurume, Katanga, kisha zikavutwa nchi kavu kupita milima ya Mitumba, kwa matrekta ya mvuke na maksai, kabla ya kushuka mto Lualaba na kupanda reli tena hadi Lukuga, yaani Kalemie ya leo. Mamia ya vibarua na wapagazi walikata miti, wakafyeka njia na kujenga madaraja, na wanawake wa vijiji vya njiani wakabeba maji ya injini. Kila kinachotushangaza katika filamu, yaani kukokota chombo mahali ambapo chombo hakipiti, kilifanywa kweli, lakini na Wakongo. Huston amechukua kazi ya wengi akawavika wawili.

Mtu anaweza kupinga kwamba msanii hadaiwi historia. Hatumdai tarehe. Tunachodai ni kwamba filamu ihukumiwe kwa sheria yake yenyewe: ikiwa inatuheshimisha kazi, basi kumficha mfanyakazi ni dosari ya kisanaa, si ya kisiasa tu. Ndiyo maana dakika za kwanza zimechakaa ilhali tukio la rafadha bado ni jipya.

Mfano huu si wa pekee. Mwaka 1965 Fizi na Baraka zilikuwa ngome ya waasi wa Simba. Che Guevara aliwasili ukingo huu mwezi Aprili na kuondoka Novemba, na mamluki wa Mike Hoare waliishambulia Baraka mwishoni mwa Septemba. Hoare huyo ndiye aliyekuwa mshauri wa filamu The Wild Geese ya mwaka 1978, kuhusu mamluki katika nchi ya kubuni ya Afrika. Humo kiongozi Mwafrika, Limbani, anabebwa mgongoni na askari mzungu. Katika historia ya upagazi ya ziwa hili, mgongo uliobeba ulikuwa wa mwingine.

Mtumishi anapokuwa mhusika mkuu

Kivu Kusini imetoa jibu lake. Mweze Ngangura, aliyezaliwa Bukavu mwaka 1950, aliongoza La vie est belle mwaka 1987 pamoja na Mbelgiji Benoît Lamy. Kourou (Papa Wemba) anatoka kijijini kwenda Kinshasa akitafuta muziki wa umeme, na anaanza kwa kuajiriwa utumishi wa nyumbani. Kijana wa kazi, ambaye kwa Huston ni kosa la bisibisi, hapa ndiye kiini cha hadithi: ana tamaa, hila, mapenzi na sauti. Katika Pièces d'identités (1998), iliyotwaa tuzo kuu ya FESPACO mwaka 1999, Ngangura anamfuata mfalme Mani Kongo hadi Brussels akimtafuta bintiye, na heshima yake yote inategemea vitu vichache vya kifalme alivyovibeba.

Filamu hizi hazina ufundi wa vitendo wa Huston, na baadhi ya mafungamano yake ya visa ni mepesi mno. Nguvu yake ni nyingine, yaani wimbo. Watazamaji wa Zanzibar waliipenda Awara ya Raj Kapoor bila kujua Kihindi, kwa kuwa wimbo hutoka nao ukumbini. Vivyo hivyo, Papa Wemba alifariki mwaka 2016, lakini wimbo wa Kourou haukuondoka naye.

Kudumu kwa kuhifadhiwa na kudumu kwa kusimuliwa

Yapasa basi kutofautisha aina mbili za kudumu. The African Queen imehifadhiwa: mwaka 1994 iliingizwa katika Rejista ya Filamu ya Taifa ya Marekani. Nguvu ya fedha na usambazaji ina sehemu kubwa katika hilo, na si haki kuisahau tunapopima filamu za Kongo zisizo na hazina kama hiyo. Lakini hifadhi huifikisha filamu tu. Kinachoikalisha ni kusimuliwa.

Waswahili wanalijua hili tangu ngano. Fanani haikariri hadithi, bali huijenga upya mbele ya hadhira yake. Wasimulizi wa filamu waliozuka Afrika Mashariki, kama Derek Gaspar Mukandala wa Tanzania aliyejulikana kwa jina la Lufufu, waliuhamishia ufundi huo kwenye video: walitafsiri, wakafafanua, wakawapa wahusika majina na kabila la maneno. Tumfikirie msimulizi wa aina hiyo akiisimulia The African Queen kwa Kiswahili cha ziwani. Tukio la rafadha litamtosha lenyewe. Katika ibada, hata hivyo, atalazimika kusema neno juu ya watu wale wasio na majina, kwa sababu hadhira yake itauliza ni akina nani.

Hitimisho

Tumeona kwamba filamu hudumu kwa kuwa na kiini kinachopimika na kusimulika, iwe kazi au wimbo, na kwamba kudumu huko hakuisamehe dosari zake, bali huziweka wazi kizazi baada ya kizazi. Meli iliyoizaa hadithi hii nayo imekataa mwisho wa filamu. Mwaka 1997, baada ya kuanguka kwa utawala wa Mobutu, Liemba iliwarudisha makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Kongo kutoka Kigoma hadi Uvira. Hao wanaijua meli hiyo kama chombo kilichowarejesha nyumbani, na wana hadithi yake ambayo Huston hakuweza kuijua.

Wanafunzi wetu wanaotoka Fizi, Baraka, Uvira na Kalemie wana kazi ya kufanya hapa, nayo haihitaji fedha nyingi. Wakusanye masimulizi ya waliosafiri na Liemba mwaka 1997, na yale ya upagazi ambayo familia zimerithi kutoka kwa wazee. Kisha waandike usimulizi wa Kiswahili wa The African Queen wakitumia masimulizi hayo, wauonyeshe pamoja na filamu katika vijiji vya ufukoni, na kuandika yale ambayo watazamaji watasahihisha.