Juu ya kitabu «Uwongozi» cha Shehe Al-Amin Mazrui: haki inaombwa namna gani?



Pengine mutashangaa kuona kitabu cha shehe kikipimwa katika kurasa hizi, pahali tumezoea kupima vitabu vya teolojia na vya katekisimu. Sababu ni hii. Katika jimbo letu la Butembo-Beni Waislamu ni wachache, na mara mingi tunasema juu yao pasipo kuwasikiliza. Tunajua wanafunga Ramazani, tunanunua katika maduka yao, tunapita mbele ya misikiti yao. Lakini tukiulizwa Mwislamu anafikiri nini juu ya haki, juu ya Leta, juu ya masomo ya watoto wake, tunanyamaza, ao tunarudilia maneno tuliyosikia njiani. Kitabu hiki kinatupa jibu kwa kinywa cha Mwislamu mwenyewe, tena kwa Kiswahili.

1. Mutungaji na kitabu chake

Shehe Al-Amin bin Ali Mazrui alizaliwa Mombasa mwaka wa 1891, akafa mwaka wa 1947. Alikuwa mwalimu wa dini, kiisha kadhi wa Mombasa, na tangu mwaka wa 1937 Kadhi Mukubwa wa Kenya. Alisoma sana maandiko ya wanachuoni wawili waliofanya kazi Kairo, Muhammad Abduh na Rashid Rida, waliotaka Uislamu ujitengeneze tena kusudi uweze kusimama katika dunia ya sasa. Mwaka wa 1930 alianzisha gazeti dogo lililoitwa Sahifa, na mwaka wa 1932 akaanza lingine, Al-Islah, maana yake matengenezo. Makala ya Sahifa yalikusanywa yakawa kitabu mwaka wa 1944, nacho ndicho Uwongozi. Mwaka wa 2017 kilitolewa tena Leiden, katika Uholanzi, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Wengine kati yetu wanajua jina la mwana wake, Profesa Ali Mazrui (1933–2014), aliyefundisha Makerere na Marekani.

Makala ni mafupi. Yaliandikwa kwa gazeti, na mutungaji anafika upesi kwa jambo lenyewe: anakemea, anatoa sababu, anaonyesha njia. Padiri anayetafuta namna ya kuhubiri pasipo kuzunguka atapata mufano muzuri. Kiswahili chake ni Kimvita, lugha ya watu wa Mombasa, wanaosema «ndia» pahali sisi tunasema njia. Musomaji wa Kongo atasimama pahali pengi katika kurasa za kwanza, lakini akivumilia kidogo atazoea.

2. Anachofundisha

Wakati Shehe alipoandika, Waislamu wa pwani walikuwa wameona hali yao ikigeuka. Tangu mwaka wa 1895 Waingereza walitawala pwani ile kwa mapatano na Sultani wa Zanzibar. Wale waliokuwa na cheo zamani walijikuta nyuma ya wengine katika masomo, katika biashara na katika kazi za serikali. Shehe anauliza: hasara hii imetoka wapi, na haki zetu tutazipata namna gani?

Hapa anafanya jambo ambalo musomaji hakungojea. Haanzi na makosa ya Waingereza. Anaanza na makosa ya watu wake. Anawakemea kwa uvivu, kwa matengano, kwa mali inayopotea katika arusi na sherehe, kwa kuacha watoto pasipo elimu. Anawacheka wanaoiga Wazungu katika mavazi na ulevi, lakini hawawaigi katika bidii, katika masomo na katika umoja. Anataka hata wasichana wafundishwe. Kwake yeye, elimu ya dini na elimu ya dunia hazipingani. Mutu asiye na elimu hawezi kujua haki yake, na jamaa isiyo na umoja haiwezi kuiomba ikasikilizwa.

Juu ya wamisioneri anasema kwa namna mbili. Anaona bidii yao na anaitumia kuwaamsha Waislamu waliolala. Lakini anaogopa masomo ya misioni, kwa sababu mutoto Mwislamu anaweza kuingia mule kutafuta kusoma na kuandika, akatoka amepoteza dini ya baba yake.

3. Tupime

Tuseme kwanza yaliyo mema. Shehe anaomba haki pasipo kuficha kosa la nyumba yake, na mutu wa namna hii anastahili kusikilizwa. Tena njia zake ni njia za amani: shule, gazeti, umoja, maneno ya kweli mbele ya serikali. Yeye mwenyewe alikuwa hakimu, alijua kwamba shauri linashindwa kwa ushuhuda, si kwa makelele. Katika siku zetu, ambapo watu wengi wanasikia neno Uislamu na kufikiri mara moja panga na bunduki, ni lazima mwanafunzi wa seminari ajue kwamba katika lugha yetu hii kuna maandiko ya Kiislamu juu ya haki yanayoshika kalamu tu.

Tuseme sasa yanayopunguka. Neno «sisi» katika kitabu hiki lina mipaka yake, nalo ni Waislamu, zaidi Waislamu wa pwani. Haki inasemwa kama haki ya jamaa iliyopoteza cheo chake, inayotaka kusimama tena kati ya jamaa zingine. Mutu asiye wa jamaa ile, mugeni kutoka bara ao mukristu, haonekani sana kama mwenye haki. Anaonekana kama mwenye kushindana. Lakini wanateolojia wetu, wakimufuata Mutakatifu Tomasi wa Akwino, wanasema haki ni kumupa kila mutu kilicho chake. Hawasemi kila mutu wa jamaa yetu. Musingi wa haki ni utu wenyewe, uliotoka kwa Mungu muumba, mbele ya cheo, kabila na hesabu ya watu.

Hata hivi tusikimbilie kumuhukumu. Yule aliye mukubwa katika inchi anaweza kusema kwa urahisi juu ya watu wote, kwa sababu hakuna anayemusukuma. Wachache wanasema «sisi» kwa sababu wamesukumwa. Katika Kenya, hesabu ya mwaka wa 2019 ilionyesha kwamba Waislamu ni karibu 11 katika kila watu 100. Walipokaribia uhuru, mwezi wa Oktoba 1963, walipata ahadi kwamba baraza za makadhi zitalindwa. Wakati wa kura ya katiba mupya, tarehe 4 Agosti 2010, viongozi wengi wa makanisa walipinga katiba ile, na baraza za makadhi zilikuwa moja ya sababu zao. Katiba ilipita, na baraza zikabaki. Kwa hiyo swali la Shehe halikufa naye. Linauliza kama haki ya wachache ni zawadi ya walio wengi, ao ni deni lao.

4. Kioo kwa Kongo

Musomaji wa kwetu asifikiri mashauri haya ni ya pwani tu. Waislamu wa Kongo, ambao wazee wetu waliwaita Wangwana, walishindwa katika vita ya miaka 1892–1894, wakati watu wa Leopold walipotwaa Nyangwe na Kasongo. Tarehe 26 Mei 1906 Leta ya Kongo ilifanya mapatano na Kiti Kitakatifu, na misioni za kikatoliki zikapewa mashamba kusudi zijenge masomo. Tangu miaka ya 1925 na 1926 masomo ya misioni za Wabeleji yalipata franga za Leta. Waprotestanti walingojea mupaka baada ya vita ya pili ya dunia. Waislamu hawakupata. Mutoto wa Kasongo alikuwa na njia mbili: kukaa katika chuo cha Korani, ao kuingia katika misioni na kuwa mukristu.

Tufahamu basi kwamba hofu ya Shehe haikuwa ndoto. Eklezia yenyewe imefundisha jambo hili kwa maneno wazi. Katika tamko Dignitatis humanae la tarehe 7 Desemba 1965, Mutaguso wa Vatikano wa Pili unasema kwamba wazazi wana haki ya kuchagua malezi ya dini ya watoto wao, na kwamba haki hiyo inavunjwa watoto wakilazimishwa kufuata mafundisho yasiyopatana na imani ya wazazi. Kadhi wa Mombasa na maaskofu wa Roma, wasiojuana, walifika karibu na mulango mumoja.

Siku hizi Waislamu wana masomo yao yaliyopatana na Leta, kama sisi tulivyo na yetu. Lakini katika masomo yetu ya kikatoliki watoto Waislamu wanakaa pamoja na wetu. Walimu wale wanalipwa na Leta, na baba Mwislamu anatoa kodi kama mukristu. Mwalimu akimulazimisha mutoto yule kufanya ishara ya musalaba, ao akimucheka mbele ya wengine sababu ya jina lake, asiseme anatumikia Injili. Anavunja haki ambayo Eklezia imeitangaza, na ambayo katiba ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006 inailinda katika vifungu 13 na 22. Katekista anayefundisha katika masomo hayo ayajue maneno haya.

5. Beni na Butembo

Tunafika sasa kwa jambo lenye uchungu. Mutu atasema: «Padiri, maneno ya kitabu ni mazuri, lakini wanaotuua wanajiita Waislamu.» Ni kweli kwamba watu wa ADF, waliotoka Uganda, wanatumia jina la Uislamu. Tangu mwezi wa Oktoba 2014 tumezika watu katika Beni na pembeni yake, na sasa hata katika Lubero na Ituri. Tarehe 27 Juni 2021 bomu lilipasuka ndani ya kanisa la parokia ya Emmanuel-Butsili, Beni. Hakuna padiri hapa anayeweza kusema juu ya mambo haya kama mutu wa mbali.

Lakini tutofautishe, kama tulivyofundishwa katika filosofia. Methali inasema samaki mumoja akioza, wote wameoza. Ni kweli juu ya samaki ndani ya kitunga. Si kweli juu ya watu, kwa sababu kila mutu ana dhamiri yake, na nabii Ezekieli katika sura ya 18 anafundisha kwamba kila mumoja atajibu juu ya dhambi yake mwenyewe. Tukumbuke tena yaliyotokea Beni tarehe 1 Mei 2021. Shehe Ali Amini Uthman, aliyekuwa akipinga wazi wauaji hao, alipigwa risasi ndani ya musikiti wakati wa sala ya jioni, akafa. Mwezi uleule shehe mwingine aliuawa palepale Beni. Watu hao walikufa kwa sababu walikataa dini yao itumiwe kwa kuua. Wakristu wanaonong'ona juu ya kila kanzu na kila kofia wanawasaidia wauaji wale katika kazi yao, kwa maana wauaji wanataka nini zaidi ya kutuaminisha kwamba wao ndio Waislamu wote?

Haki haitukatazi kusema ukweli. Mwenye kuua ashitakiwe, ahukumiwe, dini yake iwe yoyote. Mwenye kumuficha naye aulizwe. Lakini mutu aulizwe juu ya alilofanya, si juu ya jina alilopewa na baba yake. Kwa wakatekista wa pembeni ni jambo la kila siku: chakula cha wakimbizi kinapogawanywa, Mwislamu asiwekwe nyuma, kijana wa parokia akileta habari juu ya jirani, aulizwe kwanza ameona nini kwa macho yake. Na padiri anayehubiri baada ya mazishi achague maneno yake vizuri, kwa sababu watu wenye uchungu wanatoka kanisani na maneno hayo wakiyabeba mupaka nyumbani.

6. Mwisho

Kuna jambo moja zaidi ambalo kitabu hiki kinatukumbusha, ijapokuwa Shehe hakuliandika kwa ajili yetu. Lugha tunayoitumia kwa kuandika gazeti hili ilifika Kongo kwa kinywa cha Wangwana. Imani, dini, sala, sadaka, baraka, haki: tunayatamka mbele ya altare kila siku, na yote ni maneno ya Kiarabu yaliyopita kwao mbele ya kufika kwetu. Hatukuona haya kuyapokea. Basi tusione haya kuuliza wenyewe wanayatumia namna gani.

Kwa hiyo tunashauri Uwongozi kiwekwe katika maktaba ya seminari, karibu na hati za Mutaguso, na kisomwe na wanafunzi wa teolojia wanaojitayarisha kwa kazi ya parokia. Wakisome kwa akili ya kupima: wapokee ukali wake juu ya nyumba yake mwenyewe, watengeneze ufupi wa «sisi» wake. Na wakifika kwa neno la Kimvita ao la Kiarabu wasilolielewa, wasikisie tu. Katika muji huu wa Butembo, hata hapa Rughenda, hatukosi jirani Mwislamu anayeweza kutufasiria. Tumuendee tukamuulize, na tukikaa kwake, tumuulize vilevile anaishi namna gani kati yetu.

Padiri mumoja wa jimbo, Rughenda