Zimwi la Ngano na Fanani Aliyelilea

Katika ngano za pwani ya kusini ya Kenya, yaani hadithi za mapokeo zinazopitishwa kwa mdomo kutoka kizazi hadi kizazi, shujaa hubadilika kila usiku, kwani leo huwa binti yatima, kesho sungura, na keshokutwa kitindamimba wa sultani. Lakini kiti cha adui ni cha kurithiwa, na mrithi wake mkuu ni zimwi, lile jitu lenye kula watu ambalo Wadigo wa Kwale huliita zimu. Fanani, yaani msimuliaji wa ngano, anayelelewa katika eneo kama Mkongani, kando ya misitu ya Shimba, halibuni zimwi upya, bali hulipokea kutoka kwa bibi yake likiwa na njaa ileile, sauti ileile ya kukwaruza na upumbavu uleule unaoliponza mwishoni, na sifa ya kazi yake ni kulitia pumzi mbele ya wasikilizaji wanaolijua tayari.

Chimbuko la adui huyu ni la mbali kuliko pwani yenyewe. Wakikuyu na Wachaga humwita irimu, Wakamba eimu, Wazulu izimu na Wasotho ledimo, na Alice Werner, katika kitabu chake cha mwaka 1933 kuhusu visasili vya Wabantu, alilieleza jamaa hili la majitu kwa mapana. Jina la zimwi lina shina moja na mizimu, yaani roho za wazee waliotangulia, na udugu huo ndio kiini cha mambo, kwa kuwa unaonyesha kwamba adui mkuu wa ngano hakutoka ugenini, bali alitoka katika ukoo, akiwa kama marehemu aliyesahau wajibu wake kwa walio hai. Kwale ni mahali pa kulielewa jambo hili, kwa sababu hapo msitu ni wa kuogopwa na wa kuheshimiwa kwa wakati mmoja. Kaya Kinondo, karibu na Diani, ni miongoni mwa misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2008, na mgeni anayeingia humo hujifunga kaniki, yaani nguo nyeusi, kwa ajili ya heshima. Waliosema kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha walijua kwamba hata kinywani mwa jitu mtu hutafuta mabaki ya ujamaa.

Biashara ya Bahari ya Hindi ilipoleta visa vya majini na masultani, kiti kilekile kilipata warithi wapya. Katika hadithi za Unguja zilizokusanywa na Edward Steere na kuchapishwa London mwaka 1870, yumo nunda, ambaye mwanzoni ni paka wa sultani. Alipokula ndama, sultani alikataa asiuawe, akidai kwamba paka ni wake na ndama ni wake. Msamaha huo ulirudiwa huku mawindo yakiongezeka ukubwa, hadi paka alipowala wana wa sultani mwenyewe, na hapo ndipo baba alipokiri kwamba aliyemlea si paka tena.

Hata hivyo, ubora wa sanaa hii huonekana zaidi katika kisa cha binti na ngoma, ambacho kina ndugu zake hadi kusini mwa Afrika. Binti anarudi peke yake ufukoni kuchukua kombe alilolisahau, zimwi linamkamata, linamfungia ndani ya ngoma, kisha linazunguka vijijini likiipiga ngoma hiyo, naye binti anaimba kwa kulazimishwa, watu wanashangilia na kulilisha zimwi. Fanani hodari anapofika hapa hubeba sauti mbili katika koo moja: sauti nzito ya jitu linalojisifu nje ya ngoma, na sauti nyembamba ya mtoto aliye ndani, ambayo haipaswi kusikika wazi mno wala kupotea kabisa.

Kisha huwaachia hadhira, yaani wasikilizaji wake, kiitikio, na kila wanapoitikia kwa furaha wanageuka kuwa wale wanakijiji waliodanganyika, wanaolisha jitu bila kujua kilichomo ngomani. Ni mama mzazi pekee anayetambua sauti, na fanani anayeiheshimu kazi yake haharakishi utambuzi huo, bali hunyamaza kidogo, huuanza wimbo upya kwa sauti ya chini, na kumwacha kila mtoto aliyeketi pale autambue kwa sikio lake mwenyewe. Kwa namna hiyo ngano iliwafundisha watoto kumsikia mtu wao ndani ya ngoma ya adui, jambo ambalo hakuna onyo la mzazi lingeweza kulifanya vizuri zaidi.

Waandishi wachache wameuendeleza urithi huu, kama Ngũgĩ wa Thiong'o alipoyapa majitu hayo nafasi katika riwaya yake ya Kikuyu ya mwaka 1980, *Caitaani Mũtharaba-inĩ*. Lakini riwaya huandikwa na mmoja na kusomwa kimya, ilhali zimwi lilikuwa mali ya barazani. Sasa watoto wengi wa pwani huletewa adui aliyekwisha kuchorwa na kupakwa rangi katika skrini, adui asiye na ukoo wala asiyengoja kuitikiwa. Shuleni, fasihi simulizi, yaani ile inayoishi mdomoni, hutahiniwa katika karatasi ya tatu ya Kiswahili, na mwanafunzi hupata alama kwa kuandika kwamba zimwi huwakilisha ulafi, hata kama hajawahi kulisikia likikwaruza.

Jibu hilo ni sahihi, na ndipo msiba ulipo, kwa maana jamii imehifadhi maana ya zimwi ikaliacha sikio lililofunzwa kulitambua. Bibi waliojua kuimba kwa sauti mbili wanaondoka bila kuulizwa na wajukuu walio nyumba moja nao, na kile wanachoondoka nacho hakiwezi kuokolewa na kitabu, kwa sababu karatasi huhifadhi maneno ya wimbo tu, wala haimfundishi mama kuijua sauti ya mwanawe.