Orkaria: Sayari Hupimwa kwa Nyota Yake

Sayari ya Tanzanite ni kubwa kuliko Mshtarii. Enaiposha ni robo tu ya upana wa Mshtarii. Hata hivyo, kila moja inapopita mbele ya nyota yake, Enaiposha ndiyo inayoziba mwanga mwingi zaidi: takriban asilimia 1.35, ilhali Tanzanite haifikishi hata nusu asilimia. Siri iko kwenye nyota. Mpingo, nyota ya Tanzanite, ina upana unaozidi mara mbili ule wa Jua. Orkaria, nyota ya Enaiposha, ni moja ya tano tu ya Jua.

Majina haya yalipitishwa na Umoja wa Kimataifa wa Astronomia: ya Tanzania mwaka 2019, na ya Kenya, yaliyotolewa katika lugha ya Kimaasai, mwaka 2023. Katika orodha za wataalamu, Mpingo ni WASP-71 na Orkaria ni GJ 1214. Uchambuzi huu unahusu Orkaria, kwa sababu historia ya vipimo vyake inaonyesha wazi kwamba ukikosea nyota, umekosea na sayari.

Ukitaka kujua iko wapi, simama Migwani, nchini Kenya. Mji huo uko digrii moja hivi kusini mwa ikweta, nayo Orkaria iko karibu digrii tano kaskazini mwa ikweta ya mbingu, upande wa kaskazini wa kundi la nyota la Nge. Kwa hiyo karibu na tarehe 10 Juni, mnamo saa sita na nusu usiku, nyota hiyo huwa takribani utosini mwa mtu aliye Migwani. Lakini hataiona kwa macho. Mwanga wake ni hafifu kama mara 3,000 kuliko ule wa nyota dhaifu kabisa ambazo macho huweza kuzitambua.

Sayari yake iligunduliwa na mradi wa MEarth, ulioongozwa na David Charbonneau wa Chuo Kikuu cha Harvard, na matokeo yakatangazwa Desemba 2009. Mradi huo ulitumia darubini nane za sentimita 40 kwenye Mlima Hopkins, Arizona, kuchunguza nyota ndogo nyekundu moja baada ya nyingine. Nyota ndogo zilichaguliwa makusudi, maana sayari ya wastani huziba sehemu kubwa ya uso wake.

Kazi ngumu ilianza baada ya hapo. Darubini inaonyesha uwiano tu. Mwanga ukipungua kwa asilimia 1.35, kipeuo cha pili cha kiasi hicho kinatuambia kwamba nusu kipenyo cha sayari ni 0.116 ya kile cha nyota. Bila kuijua nyota, hiyo namba haina kilomita ndani yake.

Hatua ya kwanza ni umbali. Ukisafiri kwa matatu kutoka Kitui kwenda Mwingi, mbuyu ulio kando ya barabara hupita upesi huku vilima vya mbali vikionekana kutulia. Dunia nayo hutubeba kulizunguka Jua, na nyota ya karibu huonekana kuhama kidogo mbele ya nyota za mbali. Kadiri inavyohama zaidi, ndivyo ilivyo karibu zaidi. Wagunduzi wa 2009 walitegemea kipimo cha zamani kilichoiweka Orkaria umbali wa miaka 42 ya nuru. Mwaka 2013 kundi la Guillem Anglada-Escudé lilipima upya na kupata zaidi ya 47. Baadaye chombo cha Gaia cha Shirika la Anga la Ulaya kikathibitisha kwamba ni karibu 48.

Tofauti hiyo si ndogo. Nyota yenye mng'ao uleule machoni petu, ikibainika kwamba iko mbali zaidi, basi yenyewe inatoa mwanga mwingi zaidi; hapa ni kama robo zaidi. Na kwa nyota ndogo, mwanga ndio mzani. Wataalamu hutazama nyota pacha zinazozungukana, ambazo mwendo wao hufichua uzito wao, kisha hulinganisha uzito huo na mng'ao wa infraredi. Infraredi hutumika kwa kuwa mwanga wa kawaida huvurugwa na molekuli zilizo katika angahewa ya nyota baridi. Kwa njia hiyo uzito wa Orkaria ulipanda kutoka 0.157 ya Jua hadi karibu 0.178.

Kuna pia njia ya kuhakiki isiyotegemea umbali. Enaiposha humaliza mzunguko kwa siku 1.58, na kila mpito wake mbele ya nyota huchukua dakika 52 hivi. Muda huo na umbo la mpito, ukivipitisha kwenye kanuni ya Kepler, hutoa densiti ya nyota: zaidi ya mara 15 ya densiti ya Jua. Uzito na upana uliopatikana kwa mwanga lazima ukubaliane na jibu hilo.

Sasa hesabu inakamilika. Nusu kipenyo cha Orkaria ni 0.215 ya Jua, yaani karibu kilomita 150,000. Zidisha kwa 0.116, unapata kilomita 17,400, ambazo ni mara 2.7 ya Dunia. Iwapo kipimo cha nyota kingezidishwa kimakosa kwa asilimia 10, sayari nayo ingezidi kwa asilimia 10, na ujazo wake kwa asilimia 33. Densiti ingeshuka kwa robo, na mjadala wa kama ni mwamba, maji au gesi ungebadilika kabisa.

Uzito wa sayari nao hutegemea nyota. Kifaa cha HARPS, kilichoko La Silla nchini Chile, kilipima jinsi Orkaria inavyoyumba kwa kuvutwa na sayari yake, ikitujia na kurudi kwa mita zipatazo 14 kila sekunde. Mwaka 2009 kipimo kilikuwa mita 12, na sayari ikahesabiwa kuwa na uzito mara 6.55 ya Dunia. Kundi la Ryan Cloutier, likiwa na vipimo vya miaka mingi, lilitoa 8.17 mwaka 2021. Ongezeko hilo lilitokana na kuyumba kulikopimwa vizuri zaidi, na pia nyota iliyobainika kuwa nzito zaidi. Densiti ya Enaiposha ni karibu gramu 2.2 kwa sentimita moja ya ujazo. Ya Dunia ni 5.5. Mwamba mtupu hauwezi kuwa mwepesi hivyo.

Darubini ya James Webb ilipopima joto lake, matokeo yaliyochapishwa Mei 2023 yalionyesha takriban digrii 280 za Selsiasi upande wa mchana na 165 upande wa usiku. Hata joto hilo lilisomwa kwa kulinganisha mwanga wa sayari na wa nyota.

Darubini ya sentimita 40, kamera na kichujio chekundu, vikiwekwa Migwani usiku mkavu, vinaweza kuunasa mpito huo kwa kuilinganisha Orkaria na nyota jirani zake. Vitatoa uwiano, basi. Umbali uko katika data ya Gaia, inayopatikana bure kwenye intaneti, na hesabu iliyobaki iko ndani ya uwezo wa mwanafunzi wa sekondari.