Jina na Sauti: Clark Terry na Kiswahili katika Jazi ya Marekani

Katika nchi ya Wasukuma, toka Shinyanga hata Geita penye machimbo ya dhahabu, vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, hushindana baada ya mavuno. Vyote hucheza kwa wakati mmoja, na ushindi ni wa chama kivutacho watazamaji wengi. Manju, hata awe na sauti njema namna gani, hashindi peke yake. Hana budi kuwa na wapigaji, wachezaji na waitikiaji. Kipimo hicho chafaa kumpimia mpiga tarumbeta wa jazi, kwa maana jazi nayo ni sanaa ya kushindana na kuitikiana.

Clark Terry alizaliwa St. Louis, Marekani, mwaka 1920. Utotoni hakuwa na fedha ya kununua tarumbeta, akajiundia moja kwa kipande cha mpira wa maji, faneli na bomba. Alipiga katika bendi ya Count Basie toka 1948 hata 1951, kisha katika ile ya Duke Ellington hata 1959. Mwaka 1958 alimwalika Thelonious Monk, mpiga piano aliyezoea kuongoza, naye Monk akakubali kufuata. Aghalabu sifa ya Terry ilikuwa hiyo: alijua kuitikia na kuitikiwa.

Mwaka 1955 santuri yake ilikuwa na kipande kiitwacho "Swahili", kilichotungwa na Quincy Jones, ambaye katika ujana wake alifundishwa tarumbeta na Terry mwenyewe. Lugha haimo katika kipande hicho. Limo jina tu. Lakini si haki kuwalaumu Wamarekani peke yao. Western Jazz Band, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1959 na Iddi Nhende, mtu wa Nzega, kusini ya Shinyanga, ilichukua jina la jazi, na muziki wake ulikuwa wa dansi, mbali na ule wa Basie. Kuazima jina si kosa. Ila jina halitoshi kuwa mazungumzo.

Mazungumzo yalianza Novemba 1960, Randy Weston aliporekodi "Uhuru Afrika" kwa mpango wa sauti wa Melba Liston. Terry, ingawa alikwisha kuwa bingwa, aliketi miongoni mwa wapiga tarumbeta wanne, pamoja na kijana Freddie Hubbard. Shairi la Langston Hughes juu ya uhuru lilifasiriwa na kusomwa kwa Kiswahili na Tuntemeke Sanga, Mtanganyika, mwaka mmoja na zaidi kabla ya Tanganyika kujitawala tarehe 9 Desemba 1961. Maneno yale yalikuwa na uzito, maana mwaka 1964 serikali ya Afrika Kusini iliipiga marufuku santuri hiyo.

Hata hivyo kazi hiyo ina upungufu. Kiswahili hufungua mlango, kisha huachwa kizingitini: wimbo wenye maneno unaofuata waimbwa kwa Kiingereza, na katika "Kucheza Blues" lugha imerudi kuwa jina. Lakini ikilinganishwa na ile ya 1955, hatua ni kubwa. Hapo kwanza Kiswahili kilitajwa pasipo mwenyewe kuwapo. Safari hii mwenyewe aliitwa, akasema, na tarumbeta zikaitikia. Terry alifariki mwaka 2015, akiwa ameacha santuri nyingi zenye jina lake mbele. Katika hii jina lake limo kati ya wenziwe, na kwa kipimo cha Bagika na Bagalu, hiyo ndiyo iliyo bora.