Makuti na Ukuta wa Tovuti

Imekuwa mazoea ya baadhi ya mafundi wa tovuti kumwambia mteja ya kwamba umri wake ni miaka mitatu tu. Ikifika hapo sharti ivunjwe, ijengwe upya. Wenye maduka na wenye madrasa hutoa fedha bila ya kuuliza ni kitu gani hasa kilichozeeka. Naona yapasa tuyapime maneno haya.

Tazama ukurasa wa mwanzo kabisa, alioutunga Tim Berners-Lee katika maabara ya CERN, karibu na Geneva, ukafunguliwa kwa watu wote mwaka 1991. Mwaka 2013 CERN waliurudisha kwenye anwani yake ya asili, kwa nakala ya mwaka 1992. Ukiufungua leo kwa simu ya mkononi unasomeka wote, ijapokuwa simu za namna hiyo hazikuwako ulipoandikwa. Hauna picha wala rangi, na mpenda mapambo atauona mkavu. Ni maandishi na viungo basi.

Kisha zikumbuke zile zilizojengwa kwa Flash, fahari ya miaka ya 2000: herufi zikicheza, muziki ukilia bila ya kuombwa (nami sikupata kuupenda muziki huo). iPhone ilipotoka mwaka 2007 haikuzifungua. Adobe wakaacha kuitunza Flash tarehe 31 Desemba 2020, na tangu 12 Januari 2021 programu yao ikakataa kabisa kuzionesha. Maneno yaliyofungiwa humo yakazikwa pamoja na pambo.

Wazijua nyumba zetu za pwani: makuti hubadilishwa kila baada ya miaka michache, wala hapana avunjaye ukuta wa mawe kwa sababu paa linavuja. Tovuti nayo ina makuti yake. Programu inayoiendesha yataka kutiwa viraka vya usalama kila vitokapo, haingoji miaka mitatu, kwani isipotiwa wezi hupata pa kuingilia. Na simu zilipoenea, kurasa zilizopimwa kwa kioo kipana cha kompyuta zikawa taabu kusoma. Kuzirekebisha ilikuwa haki.

Walakini taksiri kubwa ni ya anwani. Fundi ajengapo upya aghlabu huzibadili, na kila aliyeihifadhi anwani ya darsa la sheikh aliyekwisha fariki hukuta mlango umezibwa. Berners-Lee alilionya jambo hili mwaka 1998. Taasisi ya Pew ya Marekani ilitangaza mwaka 2024 ya kwamba asilimia 38 ya kurasa zilizokuwako mwaka 2013 hazikupatikana tena ilipofika Oktoba 2023. Si zote zilizovunjwa na mafundi. Nyingine wenyewe walizifuta au waliacha kuzilipia.

Basi fundi ajapo kwako, mtake kwanza nakala ya maandishi yote, kisha orodha ya anwani za zamani, na kila moja aielekeze kwenye ukurasa wake mpya. Kazi hiyo si ngumu, ila haionekani machoni pa mteja, ndiyo maana huachwa.