Mafundi Waliofunga Safari

Watengenezaji saa Patek Philippe wa Geneva wanastahili pongezi. Saa zao bei haishikiki, lakini maonyesho yao makubwa ya London mwaka 2015, New York 2017 na Singapore 2019 hayakuwa na kiingilio. Tena hawakuleta saa ndani ya vioo tu. Walileta na mafundi. Unamwona fundi, lenzi jichoni, ameshika kwa kibano skrubu ndogo kuliko punje ya mtama, anaing'arisha kichwa ingawa itafichwa ndani ya saa. Biashara ipo, nani asiyejua? Lakini mkusanyaji mwenye saa zao kabatini na mwanafunzi asiye na hata moja husikiliza maelezo yaleyale, na fundi hamwulizi mtu ana nini mfukoni.