Jongoo Hayumo Kwenye Picha

Picha za mandhari ya Nguuni zimejaa simuni siku hizi: twiga, mikoma, jua likizama. Ni kali, sikatai. Ila nikizitazama kwa pamoja naona zote zimemkwepa mtu.

Kamera nazo zinachangia. Hizi ndogo zisizo na kioo ndani unaziingiza mkobani, unapanda matatu, hakuna anayegutuka. Skrini inakuonyesha picha ilivyo kabla hujabonyeza. Nguzo ya stima ikichungulia pembeni, unasogea hatua mbili, imepotea. Raha, lakini tumezoea kufagia.

Na upande huu wa Kisauni, ukimfagia mtu umefagia hadithi yenyewe. Haller Park, si mbali na Nguuni, ilikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti kwenye mwamba mtupu wa matumbawe. Alijaribu aina 26, zikafaulu 3, mvinje ukiwemo. Majani ya mvinje yakarundikana bila kuoza, mpaka wakaletwa jongoo wakayatafuna, udongo ukaanza kupatikana. Msitu ule ni kazi ya mikono, na ya miguu mingi.

Linganisha na Nick Brandt. Katika Inherit the Dust, kitabu cha 2016, alichapisha picha za wanyama kwa ukubwa wao halisi, akazisimamisha majalalani, kwenye machimbo na maeneo ya ujenzi hapa Afrika Mashariki, kisha akapiga picha upya. Mnyama anasimama katikati ya watu wanaoendelea na shughuli zao. Inauma, na angalau Brandt hakufagia. Tatizo langu ni kwamba kwake machimbo ni mwisho: binadamu kafika, mnyama kaondoka. Bamburi inambishia. Hapa machimbo yalikuwa mwanzo.

Ndiyo maana fremu safi zinanikera. Kijana anayeishi karibu na shimo la mawe akiona twiga tu, ataamini uzuri huota wenyewe, kwingine, na kwamba palipochimbwa pamekufa. Picha inayoonyesha ukuta wa shimo na mvinje pamoja ingemwambia kinyume.

Wahenga walisema mtupa jongoo hutupa na mti wake. Sisi tumemtupa jongoo, mti tumebaki nao, tunauita pori.